Kazi ya kupima uwezo wa mgonjwa kulipa ilianzaje, na kwa nini ikakabidhiwa watu wa ustawi wa jamii?

BintiUstawi ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na salaam kwa wenzangu wote.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ustawi wa jamii, na hivi sasa nipo kwenye mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali moja hapa Tanzania. Kazi niliyokabidhiwa tangu wiki ya kwanza ni kuwahoji wagonjwa wanaoomba msamaha wa malipo: wanaishi na nani, nani anawalisha, wana shamba au mifugo, watoto wao wako wapi, na kama wamekuja na barua ya serikali ya mtaa. Nikimaliza ninajaza fomu, afisa anayenisimamia anasaini au anakataa, na mgonjwa ama anaendelea na huduma ama anarudishwa dirisha la malipo.

Wiki iliyopita alikuja bibi mmoja aliyeandikiwa picha ya nyonga. Nilipomuuliza ana watoto wangapi alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia anao wanne, lakini akaniomba nisiandike, kwa sababu nikiandika wanne ataonekana ana watu wa kumlipia, ilhali wawili hajui waliko na wawili waliobaki hawana hata nauli ya kuja kumwona. Niliandika wanne, kwa kuwa ndivyo ilivyo, na chini yake nikaandika maelezo yake yote kama alivyoyatoa. Msamaha ulitoka. Hata hivyo sikupata amani, kwa kuwa muda wote nilipokuwa nikiandika alikuwa akiitazama kalamu yangu kama mtu anayesubiri hukumu, nami nilikwenda kuisomea kazi hii nikiamini kwamba nitakaa upande wake.

Darasani tuliambiwa kwa sentensi moja tu kwamba ustawi wa jamii wa hospitalini ulianzia London mwishoni mwa karne ya 19, chini ya chama kimoja cha hisani, na kwamba mtu wa kwanza aliajiriwa ili kuchunguza nani anaweza kulipa na nani hawezi. Mwalimu akapita akaendelea na mada nyingine. Sentensi hiyo imekuwa ikinirudia kila ninapofungua fomu mpya. Je, ni kweli kwamba fani yetu ilizaliwa kwa ajili ya kuwachuja wagonjwa? Kama ni kweli, ilifikaje kuwa kazi ya kuwasaidia? Au haijafika, na mimi ndiye niliyekuwa sijui nilichokwenda kusomea? Nitashukuru sana kwa yeyote anayeifahamu historia hii kwa undani.

MzeeWaNyaraka amejibu:

Marahaba binti yangu. Mwalimu wako alisema kweli, ila alikuibia sehemu iliyo tamu, kwa sababu jambo la maana katika habari hii si kwa nini mtu yule aliajiriwa, bali ni kitu alichokikuta baada ya kuketi.

Tuanze na hospitali zenyewe. London ya wakati ule ilikuwa na hospitali za namna mbili. Zilikuwapo za Sheria ya Maskini ya mwaka 1834, zilizoambatana na nyumba za kazi, mahali ambapo fukara alipewa chakula na malazi kwa masharti makali, na ambapo watu waliona aibu hata kuonekana wakiingia. Aibu hiyo ilikuwa pia ya kisheria: mpaka mwaka 1885, mwanamume aliyepokea matibabu kwa fedha za maskini aliweza kupoteza haki yake ya kupiga kura kwa sababu hiyo tu. Kisha zilikuwapo hospitali za hisani, zilizoendeshwa kwa michango ya wenye nacho, na madaktari bingwa wa huko walitibu bila kulipwa. Katika nyingi za hizi, mgonjwa alitakiwa kufika na barua ya mfadhili inayomdhamini kwamba anastahili. Nawe mwenye barua ya serikali ya mtaa mezani kwako kila siku utalitambua jambo hili upesi.

Hospitali ya Royal Free ilianzishwa na daktari William Marsden mwaka 1828 ili kuivunja desturi hiyo ya barua. Inasimuliwa kwamba alimkuta msichana mgonjwa mahututi kwenye ngazi za kanisa la St Andrew pale Holborn, akahangaika kumtafutia kitanda, na hakuna hospitali iliyompokea kwa kuwa hakuwa na wa kumdhamini. Marsden akafungua mahali ambapo umaskini na ugonjwa vilitosha kuwa barua. Hospitali hiyo baadaye ikahamia Gray's Inn Road, na hapo ndipo mambo unayoyauliza yalipotokea, katika hospitali ambayo ilijengwa ili mtu asiulizwe swali lolote mlangoni. Mimi kila nikilifikiri jambo hili linanigusa.

Sasa kuna chama. Mwaka 1869 kiliundwa London chama cha kuratibu misaada ya hisani, ambacho kwa Kiingereza hufupishwa COS. Wanachama wake waliamini kwamba sadaka inayotolewa bila uchunguzi humharibu anayepewa, humfanya aache kujitegemea, na huwaacha wenye shida ya kweli wakikosa. Hivyo walianzisha kamati kila mtaa, wakawa wanamchunguza kila mwombaji na kuhifadhi jalada lake. Katibu wao kuanzia mwaka 1875 hadi 1914 alikuwa Charles Stewart Loch, mtu mwenye bidii ya ajabu na msimamo ambao haukuyumba. Loch alitazama vyumba vya wagonjwa wa nje, ambako mamia ya watu walijazana kwa siku moja, akaamini kwamba wengi wao wangeweza kulipa mahali pengine. Kamati ya Bunge la Mabwana, yaani baraza la juu la Bunge la Uingereza, ilipoanza kuchunguza hospitali za London mwaka 1890, alikwenda kutoa ushahidi wake, akipendekeza kila hospitali iwe na mtu aliyefunzwa wa kuwahoji wagonjwa.

Pendekezo lilipata mahali pa kujaribiwa Januari 1895, pale Royal Free. Aliyepelekwa ni Mary Stewart, mwanamke ambaye tayari alikuwa amefanya kazi katika ofisi ya chama mtaa wa St Pancras. Cheo chake kiliitwa almona, neno la kale la makanisa na nyumba za wafalme lenye maana ya mgawa sadaka. Alipewa miezi mitatu ya majaribio, chama kikabeba gharama, na hospitali ikampa kona iliyotengwa katika ukumbi wenyewe wa wagonjwa wa nje. Kazi alizoandikiwa zilikuwa tatu. Awazuie wenye uwezo wasitibiwe bure. Mafukara ambao tayari walikuwa mikononi mwa Sheria ya Maskini awaelekeze huko. Waliobaki katikati, wenye kipato kidogo lakini cha uhakika, awashauri wajiunge na zahanati za uanachama, ambako watu walichanga peni kadhaa kila wiki wakiwa wazima ili watibiwe wakiugua.

Tazama orodha hiyo vizuri, binti. Kazi zote tatu ni za kumwondoa mgonjwa pale alipo. Hakuna hata moja inayouliza atapona vipi.

Na alichokikuta Mary Stewart kwa kuwahoji ni kwamba waliokuwa wakiitumia hospitali vibaya walikuwa wachache sana. Ukumbi ulijaa watu ambao kwa kweli hawakuwa na uwezo. Jambo hilo halipaswi kumshangaza mtu, maana katika miaka hiyohiyo Charles Booth alikuwa akichapisha uchunguzi wake mkubwa wa maisha ya London, na hesabu zake zilionyesha kwamba asilimia 30.7 ya wakazi wa jiji waliishi katika umaskini. Lakini ni jambo moja kulisoma kwenye takwimu, na ni jambo jingine kuketi kwenye kona ukalisikia likisemwa na mmoja baada ya mwingine kutwa nzima. Almona alikuwa ametumwa amtafute mdanganyifu. Badala yake alijikuta anasikiliza mambo ambayo daktari, kwa wingi wa watu, hakuwa na nafasi ya kuyasikia: aliyeambiwa apumzike ilhali asipofua nguo za watu watoto hawali, aliyeandikiwa lishe bora naye nyumbani ana mkate na chai, aliyehitaji kifaa cha kumtegemeza mgongo na asiwe na cha kukinunulia. Swali la fedha lilikuwa limefungua mlango wa maswali hayo yote, na mtu mwenye moyo hawezi kuyasikia halafu akaandika tu "anastahili" au "hastahili". Akaanza kuwatafutia wagonjwa misaada ili matibabu yao yafae kitu, jambo ambalo halikuwamo katika yale matatu.

Aliyeendeleza sehemu hiyo kwa nguvu kuliko wote ni Anne Cummins, aliyeanza kazi St Thomas' mwaka 1905, hospitali iliyopo ukingoni mwa mto Thames kuelekeana na Bunge. Cummins aliwatembelea wagonjwa majumbani, hasa wenye kifua kikuu na wanawake waliojifungua, na chini yake almona akawa mwenzake daktari katika tiba. Nadhani ni sahihi kusema kwamba fani yako ina mama wawili: mmoja aliyetumwa kuchuja akakataa kuishia hapo, na mwingine aliyefanya kusaidia kuwe ndiyo kazi yenyewe.

MhasibuWaWodini amejibu:

Namshukuru mzee kwa maelezo yaliyoshiba. Ningependa hata hivyo kuwatetea kidogo Loch na wenzake, kwa sababu mimi nimefanya kazi upande wa mapato ya hospitali kwa miaka mingi, na ninaona kwamba anayeshika daftari la fedha husahaulika haraka katika simulizi za namna hii.

Hospitali ya hisani iliishi kwa michango. Kila kitanda kilikuwa na mtu aliyekilipia, na mtu huyo alikuwa ametoa kwa ajili ya maskini. Mwenye mshahara mzuri aliyeketi kwenye benchi lile alikuwa anakula haki ya mwingine, hata kama hakujua. Isitoshe, msongamano wenyewe ulikuwa hatari: daktari mwenye wagonjwa wengi kupita kiasi anampa kila mmoja muda mfupi mno, na anayeumia kwa hilo ni yule maskini aliyeugua kweli. Tena walikuwapo madaktari wa mitaani, ambao waliishi kwa ada ndogondogo za wakazi wa mitaa hiyo, nao walilalamika kwa haki kwamba hospitali zinawanyang'anya riziki. Na zahanati za uanachama hazikuwa wazo baya. Sisi Tanzania tulianza Mfuko wa Afya ya Jamii kwa majaribio kule Igunga mwaka 1996 kwa fikra inayofanana na hiyo, kwamba kaya ichange kidogo ikiwa nzima, na hadi leo tunahangaika kuwashawishi watu wajiunge kabla hawajaugua.

Ninalikubali moja tu ambalo Loch hakulipigia hesabu. Uchunguzi nao una gharama. Ukimlipa mtu mshahara, ukampa meza na majalada, halafu mwisho wa mwaka akakuletea wadanganyifu wachache, mhasibu yeyote mwaminifu lazima aulize kama ulichookoa kinafikia ulichotumia. Kama Stewart angekuwa amepimwa kwa kipimo hicho pekee, kazi yake ingefutwa baada ya ile miezi mitatu. Iliendelea kwa sababu watu waliona thamani yake mahali pengine.

Kwa binti aliyeuliza: usimwonee haya bibi yule, wala usiionee haya kalamu. Kila shilingi inayosamehewa inatoka mahali fulani, na mara nyingi inatoka kwenye dawa na vitendanishi vya maabara. Ni bora anayeiamua awe mtu aliyesomea kusikiliza kuliko mtu wa dirishani kama nilivyokuwa mimi, ambaye nilikuwa naona jina na kiasi tu.

BintiUstawi amejibu:

Mzee, na wewe kaka mhasibu, ninawashukuru kutoka moyoni. Nimesoma yote mara mbili. Naomba niulize jambo moja la kiutendaji: walipimaje? Fomu yangu ina nafasi ya kipato cha mwezi, na wagonjwa karibu wote hawana kipato cha mwezi. Wana kipato cha siku waliyopata kibarua. Mary Stewart alikuwa na kipimo gani cha kusema huyu anaweza na huyu hawezi?

MzeeWaNyaraka amejibu:

Umeuliza swali lililowasumbua hata wao, maana vibarua wa bandari za London nao walilipwa kwa siku waliyochaguliwa langoni, na kesho yake hawakuwa na hakika.

Mtazamo wa chama ulikuwa kwamba mshahara peke yake hausemi kitu. Uliulizwa mshahara, halafu idadi ya wanaoula, kodi ya chumba, nani mwingine nyumbani anafanya kazi, na kama mtu yumo katika chama chochote cha kuzikana au cha kusaidiana wakati wa ugonjwa. Booth aliuweka mstari wake wa umaskini kwenye shilingi 18 hadi 21 kwa wiki kwa familia ya ukubwa wa wastani, lakini mtu mwenye shilingi 21 na watoto sita ni fukara kuliko mwenye 18 na mtoto mmoja. Pia walipima ugonjwa wenyewe. Aliyeweza kumlipa daktari wa mtaani kwa kikohozi cha wiki moja hakuwa lazima anaweza kulipia maradhi ya miezi minne. Hili la mwisho naliona la busara kubwa, nami ningependa kulikuta kwenye fomu zetu.

Kuhusu kuthibitisha, kamati za mitaa za chama zilikuwa na desturi ya kuuliza kwa mwenye nyumba, kwa mwajiri na kwa kasisi. Hapo ndipo palipouma. Fikiria umekwenda hospitali kwa siri yako, halafu mwenye nyumba wako anaulizwa kama unalipa kodi kwa wakati. Jina la chama kile lilichukiwa katika mitaa mingi ya maskini kwa sababu ya udadisi huo, na chuki hiyo iliwafuata maalmona hata walipokuwa wakifanya mambo mema.

Halafu hali ilibadilika kwa namna ambayo inakuhusu wewe moja kwa moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hospitali za hisani zilikuwa taabani kifedha, na zikaanza kuwaomba wagonjwa wachangie kadiri ya uwezo wao. Nani awaulize? Almona, kwa kuwa alikuwa ameshazoea. Hivyo wanawake ambao walikuwa wametumia miaka 20 kuigeuza kazi iwe ya huduma walirudishwa kwenye kukadiria malipo. Mwaka 1922 kikaanzishwa chama cha akiba ya hospitali ambacho mwanachama alichanga peni 3 kwa wiki, na moja ya faida walizoahidiwa wanachama ilikuwa kwamba wakilazwa hawatahojiwa na almona kuhusu kipato chao. Watu walilipa, pamoja na mengine, ili wasiulizwe. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huu wa jinsi swali lile lilivyowachoma. Mwaka 1929 sheria mpya ya serikali za mitaa ilizihamishia hospitali za Sheria ya Maskini kwenye halmashauri, nazo zikatakiwa kuwadai wagonjwa gharama kulingana na uwezo, na maalmona wakaingizwa huko pia.

Yote hayo yalikoma tarehe 5 Julai 1948, siku huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ilipoanza na matibabu ya hospitali yakawa bure kwa kila mtu. Siku hiyo almona hakuwa tena na sababu ya kumuuliza mgonjwa kuhusu mfuko wake. Na kazi haikufa! Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Kama kuchuja kungekuwa ndiyo roho ya fani, ingezikwa siku ile. Iliendelea kwa sababu mgonjwa asiyedaiwa chochote bado ana watoto walioachwa peke yao, bado anaogopa, bado atarudi kwenye chumba kilichomfanya augue. Mwaka 1964 chama chao cha kitaaluma kikaliacha jina la almona na kujiita cha wafanyakazi wa ustawi wa jamii wa tiba.

MamaMstaafu amejibu:

Nimesoma mjadala huu kwa furaha, na naomba niongee kama mtu aliyeketi kwenye kiti hicho. Nilianza kazi kabla ya mwaka 1993, yaani kabla ya utaratibu wa kuchangia gharama, na nikaendelea baada yake. Ninazikumbuka ofisi zote mbili ingawa chumba kilikuwa kilekile. Kabla, mgonjwa aliletwa kwangu na muuguzi kwa sababu ametelekezwa, au hana pa kwenda akiruhusiwa, au anakataa dawa. Baada, wengi wao waliletwa na karatasi ya dirishani, na jambo la kwanza walilolisema ni "sina". Mtu anayeanza na "sina" amekuja kujitetea, na anayejitetea hakuelezi shida zake nyingine.

Kwa hiyo, kaka mhasibu, nakubali kwamba ni bora aamue aliyesomea kusikiliza, lakini tujue gharama yake. Mtu mmoja akipewa kazi ya kusaidia na kazi ya kukadiria, ile ya kukadiria huila ya kusaidia, kwa sababu ina fomu, ina saini na ina mtu anayeisubiri. Mzee ametuonyesha iliwatokea wenzetu baada ya vita ile. Imetutokea na sisi.

Fani yetu ina chimbuko lingine ambalo mzee hakuligusa. Mwaka 1905 huko Boston, Marekani, daktari Richard Cabot wa hospitali ya Massachusetts General aliamua kumwajiri Garnet Pelton, muuguzi, kwa sababu alichoka kuwaandikia watu dawa asijue wanarudi katika maisha gani. Pelton aliugua kifua kikuu baada ya miezi michache, na Ida Cannon akaichukua nafasi hiyo mwaka 1906 na kuijenga kwa miongo kadhaa. Hospitali kwa miaka mingi haikutaka hata kuwagharimia. Pale hakuna aliyetumwa kuzuia mtu. Daktari ndiye aliyesema "nisaidie nimwelewe mgonjwa wangu". Ukichoka na London, binti yangu, kapumzike Boston.

Na sasa nikupe ya kiutendaji, kwa sababu najua kesho una foleni. Usianze na fomu. Anza na ugonjwa: umeanza lini, unakuzuia nini, nani anakusaidia kuoga, umefikaje hapa. Ukisikiliza vizuri majibu hayo, robo tatu ya fomu imejaa kabla hujashika kalamu. Mgonjwa asihojiwe pale benchi la nje ambapo jirani yake anamsikia. Vuta kiti ndani, hata kama ni kona. Ile ya watoto wanne, usiulize "una watoto wangapi", uliza "mara ya mwisho kupata msaada wa fedha ilikuwa lini, na ulitoka kwa nani". Swali la kwanza linahesabu ukoo, la pili linahesabu uwezo, na ndilo unalotakiwa kulijua. Bibi wa watu hatakuwa na haja ya kuwakana watoto wake mbele yako ili apate picha.

MkaziWaNairobi amejibu:

Salaam kutoka Kenya. Niongeze kidogo tu. Kwetu malipo ya hospitali za umma yalirudishwa Desemba 1989, na tangu hapo maafisa wa jamii hospitalini wamekuwa wakifanya kazi hii ya kuandika nani asamehewe. Kuanzia Oktoba 2024, mchango wa bima mpya ya afya kwa wasio na mshahara hukadiriwa kwa dodoso linalouliza kuhusu nyumba, maji na vitu vya nyumbani, kisha mtu anaambiwa alipe asilimia 2.75 ya kipato kilichokadiriwa, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Nimesikia majirani wakilalamika kwamba nyumba ya mawe waliyoachiwa na marehemu baba inawafanya waonekane na fedha ambazo hawana. Nilipomsoma mzee akieleza London nilijiuliza kama dodoso linaweza kugundua kitu ambacho Mary Stewart alikigundua. Yeye aliwaona watu usoni, na alikuwa huru kubadilisha swali.

BintiUstawi amejibu:

Mama, mzee, kaka mhasibu na ndugu wa Nairobi, sina maneno ya kutosha.

Leo nimefanya kama mama alivyonielekeza. Nimemwomba afisa wangu tuhamishe kiti kiingie ndani nyuma ya kabati la mafaili, naye amekubali. Wagonjwa wa kwanza wawili nimewauliza kuhusu ugonjwa kabla ya kitu kingine chochote, na wa pili, kijana aliyevunjika mguu, amenieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba amelala stendi siku tatu. Hilo lisingeonekana popote kwenye fomu yangu.

Nimerudi pia kulitafuta jalada la yule bibi. Picha ilionyesha nyonga imepata ufa, na daktari aliandika atumie fimbo ya kutembelea, dawa za maumivu, na arudi kliniki baada ya wiki mbili. Msamaha tuliompa ulikuwa wa picha peke yake. Hakuna aliyeuliza, nami sikuuliza, fimbo ataitoa wapi, na dawa ataziombea msamaha kwa nani, na atapanda nini kurudi kwake. Nimelieleza jambo hili kwa afisa, na tumepata fimbo moja iliyoachwa wodini ambayo imeshaidhinishwa apewe. Siku yake ya kliniki ni Alhamisi. Nitamsubiri pale getini asubuhi, kabla hajafika dirisha la malipo.